Fedha za Mkononi kwa Likizo ya Unguja: Hesabu Ianzie Nyumbani

Zamani likizo ya askari ilikuwa na njia moja tu: kutoka kambini kwenda kijijini kwa wazazi, na kurudi. Siku hizi mambo yamepanuka. Zipo familia za wanajeshi na za polisi hapa Uganda ambazo huweka akiba mwaka mzima ili watoto waione bahari, na Unguja ndicho kisiwa kinachotajwa sana katika mazungumzo ya namna hiyo. Si anasa ya kulaumiwa. Mtu aliyelinda mpaka au kituo kwa miezi kumi na mmoja anastahili kupumzika pamoja na jamaa zake. Linalotupasa kuangalia ni swali moja ambalo wengi hulijibu kwa kubahatisha: mbali na nauli na malazi, twende na fedha kiasi gani mkononi?

Wapo wanaojibu swali hili kwa kutazama mfuko. Chochote kilichobaki baada ya nauli hukichukua chote. Wapo wanaomwuliza jirani aliyekwenda mwaka jana, wakachukua kama alivyochukua yeye. Njia zote mbili zina hatari. Mfuko haujui mahitaji ya safari, na jirani alikwenda na jamaa zake, si na wako. Jibu la kweli hupatikana kwa kalamu na daftari. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na mahali inapopotea upesi ni safarini. Tena hesabu hiyo haianzii Unguja. Huanzia nyumbani.

FEDHA ZISIZOSAFIRI

Kabla ya kuzihesabu fedha za kwenda nazo, zihesabiwe kwanza zile za kubaki. Bwana na Bibi wakae pamoja, waandike kila jambo litakalowadai watakaporudi: karo, kodi ya nyumba, chakula cha hadi mshahara unaofuata, na kile wanachompelekea mzazi kijijini. Fedha hizo zitengwe mahali pasipofikiwa na mkono wa msafiri.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wanaosafiri Desemba. Katika nchi yetu muhula wa kwanza wa shule huanza baada ya likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, nao ndio muhula wenye madai mengi: karo, sare, madaftari, godoro na sanduku la mtoto wa bweni. Desemba hiyo hiyo ndiyo Unguja hujaa wageni na bei za malazi hupanda. Mzazi asipoangalia, mtoto atakuwa ameiona bahari mwezi wa Desemba, akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo mwezi wa Februari. Furaha ya namna hiyo ina deni ndani yake.

Kadhalika si busara kukopa kwa ajili ya matembezi. Vyama vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo cha wanajeshi na Exodus cha polisi, vina faida kubwa kwa mwanachama anayejenga nyumba, kununua shamba au kusomesha. Mkopo wa shamba huacha shamba. Mkopo wa likizo huacha makato tu, nayo makato huendelea kukatwa hata mchanga wa pwani ukiisha kukung'utwa viatuni.

La pili lisiloguswa ni nauli ya kurudi. Hapa askari hafanani na raia mwingine. Raia akichelewa siku mbili kwa kukosa nauli, huenda akaomba radhi kwa mwajiri wake yakaisha. Askari ana karatasi ya ruhusa yenye tarehe, na tarehe ikipita huhesabiwa kuwa mtoro kazini. Kwa hiyo tiketi ya kurudi inunuliwe pamoja na ya kwenda. Ikiwa haiwezekani, nauli hiyo iwekwe katika bahasha iliyofungwa, wala isifunguliwe kwa sababu yoyote ila ugonjwa.

GHARAMA ZA MLANGONI

Baadhi ya malipo hayamo katika nauli wala katika malazi, na wengi huyasahau. Raia wa Uganda hahitaji kulipia viza kuingia Tanzania, lakini anahitaji pasipoti, kwa kuwa Tanzania haimo katika mapatano yanayowaruhusu raia wa Uganda, Kenya na Rwanda kuvuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Asiye na pasipoti aweke gharama ya kuipata, tena mapema. Atahitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Uganda imo katika nchi zenye ugonjwa huo.

Tangu Oktoba 1, 2024, serikali ya Zanzibar inawataka wageni watokao nje ya Tanzania wanunue bima ya safari kutoka shirika lake la bima. Bei iliyotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44 za Marekani. Kwa familia hiyo si fedha ndogo, basi masharti yake, hasa yale ya watoto, yaulizwe kabla ya kufunga mizigo. Nauli ya boti ya mwendo wa kasi kutoka Dar es Salaam, ambayo huchukua kama saa mbili baharini, nayo ina bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, na ya mgeni ndiyo ya juu. Tena zipo nyumba za wageni zinazodai kodi ya miundombinu kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo haikutajwa siku ya kuagiza chumba. Unapoagiza, uliza hivi: "Bei hii ina kodi zote ndani yake?" Swali hilo halina gharama.

SHILINGI MBILI ZENYE JINA MOJA

Sasa tufike kwenye mtego unaowanasa Waganda wengi. Mgeni kutoka Ulaya anajua kwamba fedha ya Tanzania si fedha yake. Hesabu humlazimu kufikiri. Sisi tunasikia neno "shilingi" nasi tunadhani tuko nyumbani.

Jina hilo moja lina historia yake. Tangu miaka ya 1920 Uganda, Kenya na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Zanzibar ilikuwa na rupia yake hadi mwaka 1936, ilipojiunga na shilingi hiyo. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha zake kwa benki kuu yake. Jina likabaki moja, thamani zikaachana.

Siku hizi shilingi ya Tanzania ni nzito kuliko ya Uganda. Kiwango hubadilika, kwa hiyo kila msafiri akiangalie siku anapobadilisha. Lakini kwa mfano wetu, tuseme shilingi 1 ya Tanzania inanunuliwa kwa shilingi 1.45 za Uganda. Mwenye teksi akisema "elfu thelathini", sikio la mtu wa Kampala husikia 30,000 za nyumbani, kumbe amelipa 43,500. Kosa hilo likirudiwa mara nne au tano kwa siku, siku ya tatu bwana anashangaa fedha zimekwenda wapi, na bibi anadhani zimefichwa. Hakuna aliyeiba. Zimepotea katika jina.

Dawa yake ni nyepesi. Hesabu yote ya safari ifanywe kwa shilingi za Tanzania tangu nyumbani, na kila mkubwa wa familia awe na kikaratasi kinachoonyesha 1,000, 5,000, 10,000 na 50,000 za Tanzania ni ngapi za kwetu. Watoto wenye umri wa kujua kuzidisha wapewe kazi hiyo. Watajifunza hesabu, na watapunguza kuomba kila wanachokiona.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili, waliolipia kabla chumba cha kawaida chenye chai ya asubuhi kwa usiku tano. Bei tunazoziweka hapa ni za mfano. Kila mmoja aweke zake baada ya kuuliza. Linalotakiwa kushikwa ni utaratibu.

Angalizo la kwanza: usiku tano ni siku sita. Mwenye nyumba huhesabu usiku, lakini tumbo huhesabu siku. Anayezidisha kwa tano atalala njaa siku ya kurudi.

Kwa siku moja, tuseme chakula cha mchana na cha jioni, katika mikahawa ya kawaida wanamokula wenyeji, ni shilingi 60,000 kwa wote wanne. Usafiri wa ndani, daladala zaidi na teksi mara moja moja, 15,000. Maji ya kunywa, matunda na vitafunio vya watoto, 10,000. Jumla ya siku ni 85,000. Kwa siku sita ni 510,000.

Kisha matembezi yenye kiingilio. Yapo mengi: mashamba ya viungo, msitu wa Jozani wenye kima punju, kisiwa cha Changuu chenye kobe wakubwa walioletwa kutoka Ushelisheli, na nyumba za makumbusho. Familia haiwezi kuyamaliza yote, wala haina haja. Ichague mawili, na tuseme yatachukua 160,000. Zawadi tuziwekee 80,000.

Ukijumlisha 510,000, 160,000 na 80,000 unapata 750,000. Juu yake ongeza sehemu moja ya tano, yaani 150,000, kuwa akiba ya homa ya mtoto, kiatu kilichokatika au boti iliyoahirishwa kwa sababu ya upepo. Fedha za mkononi ni 900,000 za Tanzania, ambazo kwa kiwango chetu cha mfano ni 1,305,000 za Uganda.

Ikiwa jumla hiyo inazidi uwezo, usipunguze akiba wala nauli ya kurudi. Punguza siku. Siku nne za amani zina raha kuliko siku sita za kugombana. Au badili majira. Likizo fupi ya shule ya mwezi wa Mei huangukia masika ya pwani. Mvua hunyesha, lakini wageni hupungua na bei za malazi mara nyingi hushuka.

NAMNA YA KUZIBEBA

Noti kubwa ya Tanzania ni ya shilingi 10,000. Basi 900,000 ni noti 90, furushi linaloonekana mfukoni hata kwa asiyetafuta. Haifai kubeba lote pamoja. Nusu iwe shilingi za Tanzania zilizobadilishwa katika duka la fedha lenye leseni, Kampala au Dar es Salaam, na stakabadhi ichukuliwe. Wabadilishaji wa mpakani wanaotembea na vibunda mikononi waepukwe: hesabu yao ni ya haraka, na haraka hiyo si kwa faida yako. Shilingi za Uganda zisibebwe hadi Unguja kwa kutumaini kwamba zitanunuliwa huko. Fedha yetu haina soko kisiwani kama dola.

Nusu ya pili iwe benki kwa kadi, au iwe dola. Dola ziwe safi, zisizoandikwa wala kuchanika. Noti zilizochapwa kabla ya 2006 mara nyingi hukataliwa. Dola ni za kubadilisha, si za kununulia. Kanuni zilizotolewa Tanzania mwezi wa Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipisha kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mtu akikutajia bei kwa dola, mwulize kwa adabu shilingi ni ngapi.

Mashine za kutolea fedha zinapatikana zaidi mjini kuliko katika vijiji vya pwani ya mashariki na kaskazini. Aendaye Jambiani, Paje au Nungwi achukue mjini fedha za siku zake zote za huko. Kila unapotoa kwa kadi ya kigeni kuna makato. Afadhali kutoa mara moja kiasi cha kutosha kuliko mara tano kidogo kidogo. Na asitokee mtu akategemea fedha za simu za mtandao wa Uganda, kana kwamba wakala wa Darajani ni sawa na wakala wa Ntinda.

Zile za shilingi zigawanywe katika bahasha: kila siku na bahasha yake ya 85,000, bahasha ya matembezi, bahasha ya zawadi, na bahasha ya akiba. Mama ashike za siku, baba ashike ya akiba pamoja na tiketi, au kinyume chake, kwa kadiri wanavyojuana. Asubuhi hufunguliwa moja tu. Ikiisha kabla ya jua kutua, siku hiyo imekwisha. Ikibaki, masalio huingia katika ya kesho. Utaratibu huu una faida nyingine: hakuna haja ya kutoa furushi lote mbele ya watu sokoni.

KISIWANI

Ukishuka bandarini Malindi utapokewa na vijana wachangamfu watakaotaka kubeba mzigo, kukuonyesha nyumba ya kulala na kukuuzia safari ya kesho. Wenyeji huwaita papasi. Si wote wabaya, lakini ujira wao hutoka katika bei utakayolipa wewe. Jibu la heshima latosha: "Ahsante ndugu yangu, tunapo pa kufikia." Teksi hazina mita, bei ipatanwe kabla mlango haujafunguliwa.

Kiswahili ni akiba ya pili ya askari wa Uganda, na hapa ndipo inapolipa. Anayeingia dukani akatoa salamu, akamwamkia mzee kwa shikamoo na kuuliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza bei, hatajiwi bei ile anayotajiwa mtalii. Kanga, vikoi, vikapu na viungo hupatanwa bei, tena kwa ucheshi, bila ukali. Ukali wa kambini ubaki kambini. Chakula cha mkahawani kwa kawaida hakipatanwi, lakini bei iulizwe kabla ya kukaa. Jioni katika bustani ya Forodhani kuna pweza, mishikaki, urojo na maji ya miwa. Mezani vinapendeza macho na mkono huagiza zaidi ya tumbo. Uliza bei ya kila kimoja kabla hakijawekwa juu ya moto.

Tena tusisahau kwamba mengi yaliyo bora Unguja hayana kiingilio. Bahari haikati tiketi. Kutembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, uliowekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, na kutazama milango ya nakshi, ni bure. Kuwatazama vijana wanaojitupa majini Forodhani jua likizama ni bure. Asubuhi pwani ya mashariki, maji yakipwa, kina mama huonekana wakishughulika na mashamba yao ya mwani. Mtoto akijibiwa maswali yake hapo amepata somo la jiografia. Familia inayopanga siku moja ya kulipia na siku moja ya bure hurudi na kumbukumbu zile zile na nusu ya gharama.

ZAWADI

Bahasha hii ndiyo hupasuka kwanza. Kabla ya safari iandikwe orodha ya watakaopewa: wazazi wa pande zote mbili, na jirani aliyeachiwa funguo. Kikosi kizima hakiwezi kupewa, na wenzako wataelewa. Paketi ya mdalasini, iliki au pilipili manga kutoka soko la Darajani ni nyepesi, haiozi, na huingia katika vyungu vingi. Magamba ya kasa na mapambo yake yaachwe, maana kasa wanalindwa na sheria, na haipendezi mlinzi wa sheria akamatwe nayo mpakani. Chukua kikapu chako kutoka nyumbani: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangulia.

BAADA YA KURUDI

Kazi ya daftari haiishi kwa kufika nyumbani. Jioni ya kwanza, kabla stakabadhi hazijapotea, Bwana na Bibi waandike kilichotumika kweli kando ya kile kilichokadiriwa. Watagundua kwamba chakula kilikuwa chini kidogo, au teksi zilikuwa juu sana. Karatasi hiyo ndiyo itakayowaongoza mwaka mwingine, na ndiyo watakayompa mwenzao kambini atakapouliza. Wampe utaratibu, si jumla tu.

Na ile bahasha ya 150,000, ikiwa Mungu amejalia imerudi bila kufunguliwa, isigeuzwe kuwa sherehe ya kupokelewa. Ipelekwe kwenye karo, au iwe fungu la kwanza la likizo ijayo. Mtoto akiona bahasha hiyo ikirudi imefungwa, na Februari akaenda shule kwa wakati, atakuwa amejifunza kwa wazazi wake jambo ambalo hakuna mwalimu angeweza kumfundisha ubaoni. Likizo njema.